Gari la kiwandani au gari la baba? Uchambuzi wa kisa cha modeli ya Isetta, skeli 1:8

Kisa hiki ni cha modeli ya gari dogo la zamani, BMW Isetta 300, iliyoagizwa na mtu ambaye gari halisi analo gerejini kwake. Kimeandikwa kwa ajili ya wajenzi wa modeli wanaofanya kazi za kulipwa, au wanaofikiria kuanza. Majina, mji, rangi na tarehe vimeondolewa au kubadilishwa. Nimezungumza na pande zote mbili, na modeli yenyewe nimeishika na kuufungua mlango wake.

## Usuli

Mjenzi ni fundi mitambo mstaafu anayeishi kusini mwa Ujerumani. Kwa miaka mingi alijenga modeli za pikipiki, na wanaomfahamu wanasifu zaidi ulehemu wake. Magari amejenga machache. Mteja alirithi Isetta kutoka kwa baba yake, akaifufua kwa gharama kubwa, kisha akataka modeli ya kumpa dada yake anayeishi mbali. Dada huyo naye alikulia ndani ya gari hilo.

Bei ilikubaliwa, na kazi ilitakiwa kwisha kabla ya siku ya kuzaliwa ya dada. Makubaliano yalikuwa barua pepe fupi tu: modeli ya gari la baba, skeli 1:8 (yaani kila kipimo kigawanywe kwa nane), mlango ufunguke. Maneno "gari la baba" kila mmoja aliyaelewa kwa namna yake, na hakuna aliyegundua hilo hadi kazi ilipokuwa imefika mbali.

## Gari lenyewe

Isetta haikuanzia BMW. Ilibuniwa Italia katika kampuni ya Iso ya Renzo Rivolta na kuonyeshwa hadharani mwaka 1953. BMW walinunua leseni pamoja na vifaa vya kutengenezea bodi, na mwaka 1955 wakaanza kuitengeneza kwa injini yao wenyewe, ya silinda moja na mipigo minne, iliyotokana na pikipiki zao. Injini ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 247 na nguvu za farasi 12. Baadaye ikaja ya 298 yenye nguvu za farasi 13. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1962, BMW walikuwa wametengeneza zaidi ya magari 160,000 ya aina hiyo.

Ina urefu wa milimita 2,285, upana wa 1,380 na kimo cha 1,340. Bajaji ya kawaida ya Dar es Salaam ni ndefu kuliko hiyo. Magurudumu ya mbele yameachana kwa milimita 1,200 na ya nyuma kwa 520 tu, kwa hiyo ukilitazama kutoka juu gari linasinyaa kuelekea mkiani. Nyuma hakuna difa, ile gia inayoruhusu magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka kwa kasi tofauti. Nguvu inafika kwenye ekseli kwa mnyororo unaozunguka ndani ya kasha lenye oili.

Kinachompa shida mjenzi wa modeli ni mlango. Uso mzima wa gari ni mlango, na ni mmoja tu. Kwenye magari ya usukani wa kushoto, bawaba ziko upande wa kushoto. Mlango unapofunguka unaondoka na usukani pamoja na dashibodi, kwa sababu nguzo ya usukani ina kiungo cha kukunjika kule chini karibu na sakafu. Na kwa kuwa mlango ni mmoja na uko mbele, paa la turubai linalofunguka ndiyo njia ya dharura ya kutokea.

Bodi haina sehemu iliyonyooka, kila mahali imeviringika. Gari la pembe pembe linaficha kosa la milimita moja. Isetta hailifichi, maana mwanga unateleza juu ya shavu lake na jicho linaona mara moja pale unapokatika.

## Skeli na mipaka ya kazi

Kwa 1:8 modeli inatoka na urefu wa takriban milimita 286 na upana wa 172. Mteja mwanzoni alitaka 1:24, ikae kwenye rafu ya vitabu. Mjenzi alikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri: kwa 1:24 gari zima lina milimita 95, na bawaba inayolingana na skeli isingebeba mlango unaofunguliwa na watu wasio waangalifu.

Hata kwa 1:8 kuna mahali ambapo hesabu inagoma. Bati la bodi lenye unene wa milimita 0.8 linapaswa kuwa 0.1 kwenye modeli, na kitu cha unene huo kinabonyea kwa kuguswa na kidole. Mjenzi aliamua bodi ichapwe kwa printa ya 3D kwa rezini yenye unene wa milimita 2, kisha kingo zinazoonekana, hasa ukingo wa tundu la mlango, zikwanguliwe kwa ndani hadi zifike karibu nusu milimita. Mtazamaji anahukumu unene kwa kingo, katikati hapaoni. Mlango wenyewe ulitengenezwa kwa bati la shaba njano la milimita 0.2 juu ya fremu ya shaba iliyolehemiwa.

Kisha akaamua kitu ambacho wajenzi wengi wangekionea uchungu: injini haitatengenezwa. Kwenye gari halisi inafikiwa kwa kifuniko kidogo ubavuni upande wa kulia, na mteja hakuomba kifuniko hicho kifunguke. Akatengeneza tu kinachoonekana modeli ikigeuzwa juu chini: kasha la mnyororo, ekseli, springi, sehemu ya chini ya injini na bomba la moshi.

Usukani ulimchukua muda kuuamua. Alitaka ukizungushwa, magurudumu ya mbele yageuke, na mlango uendelee kufunguka na nguzo yake. Alijaribu kwanza kwa kipande cha plaiwudi na bawaba mbili, bila bodi yoyote. Jaribio lilimwonyesha kwamba kiungo cha chini kisipokaa karibu kabisa na mstari wa bawaba, nguzo inalazimika kurefuka na kufupika mlango unaposafiri, la sivyo mlango unakaza. Kwa 1:8 kiungo hicho kina milimita chache, na kukipa nafasi ya kuteleza huku kikipokea nguvu ya kuzungusha kulidai ulegevu ambao ungefanya magurudumu yatikisike ovyo. Akaachana na magurudumu. Nguzo inakunjika na kufuata mlango, usukani unazunguka, lakini haugeuzi kitu. Mteja aliambiwa kwa maandishi, akakubali siku hiyohiyo.

## Kupima gari

Upimaji ulifanyika gerejini kwa mteja kwa njia mbili. Bodi ilipigwa picha nyingi kutoka kila upande, kisha programu ikaziunganisha kuwa umbo la pande tatu. Vioo na kromu vinaichanganya programu ya aina hiyo, kwa hiyo vilifunikwa kwa tepu ya karatasi ya wapiga rangi, na bodi inayong'aa ikapakwa vumbi jepesi la chaki. Picha zenyewe hazijui ukubwa wa kitu, ndiyo maana rula ya chuma ya mita moja ililazwa sakafuni na kubaki kwenye picha zote.

Mlango ulipimwa kivyake, kwa kalipa na vipande vya kadibodi vilivyokatwa hadi vikakaa sawasawa juu ya mviringo wake. Mjenzi aliuamini mkono wake kuliko programu pale ambapo vyuma vilitakiwa kukutana. Sehemu kadhaa za bodi pia alizishusha sakafuni kwa timazi, akaweka alama kwenye karatasi pana iliyotandazwa chini ya gari.

Timazi ndiyo iliyofichua jambo. Shavu la mbele kushoto, kati ya ukingo wa mlango na taa, lilikuwa limelala ndani kwa takriban milimita 9 ukilinganisha na la kulia. Gari liliwahi kugonga na kunyooshwa na fundi bodi, na chini ya rangi mpya puti ilifuata umbo lilelile bapa. Kwa macho tu huwezi kugundua, labda usimame mbele kabisa, uchuchumae.

## Uamuzi uliopita bila kujadiliwa

Mjenzi alilihesabu lile shavu bapa kuwa uharibifu. Nyumbani, kwenye kompyuta, alifuta nusu ya kushoto ya bodi na kuweka mahali pake nusu ya kulia iliyogeuzwa kama kwenye kioo, kama watu wengi wanavyofanya wanapotafuta ulinganifu. Hakumwambia mteja. Kwake yeye hilo lilikuwa sawa na kufuta vumbi kwenye picha.

Bodi ikachapwa kwa vipande vinne, ikaunganishwa, ikapigwa msasa. Mlango ukatengenezwa kwa vipimo vya kadibodi. Hapo tayari modeli moja ilikuwa imebeba magari mawili: bodi ya Isetta kamili isiyowahi kugonga popote, na mlango wa Isetta iliyogonga, ambao fundi bodi wa zamani aliukunja kidogo ili ulingane na shavu lililobonyea.

## Mlango unakataa

Mlango ulipoangikwa, upande wa kulia pengo lilikuwa zuri, sawa juu hadi chini. Upande wa bawaba ukingo wa bodi ulisimama juu ya mlango kwa zaidi ya milimita moja pale penye uvimbe wa shavu, na chini pengo likapanuka kiasi cha kupitisha ukucha. Milimita 9 ukizigawa kwa 8 unapata 1.1. Jibu lilikuwa pale mezani, lakini mjenzi alidhani ni mkono wake uliokosea wakati wa kulehemu.

Akaanza kusahihisha mlango. Akapiga tupa ukingo, akakunja bati kidogo kwa koleo lenye kitambaa, akasogeza bawaba ya juu. Kila alichotengeneza kiliharibu kingine. Bati la 0.2 halina nyama ya kupigwa tupa: siku ya tatu ya marekebisho lehemu ilionekana ikichungulia kupitia shaba, mstari wa kijivu wenye urefu wa ukucha, pembezoni kabisa mwa mlango, pale ambapo kila mtu angetazama.

Aliporudi kwenye karatasi ya timazi ndipo alipoelewa. Alikuwa na njia mbili. Moja ni kutengeneza mlango mpya wenye umbo la kufuata bodi, mlango wa Isetta kamili. Nyingine ni kuchapa upya shavu la kushoto kama lilivyo, na kuacha mlango ufuate umbo lake la kweli. Ya kwanza ilimvutia zaidi, lakini mlango mpya ungekula wiki kadhaa na tarehe ilikuwa inakaribia. Kwa hiyo akampigia mteja kuomba muda, na katika kueleza sababu akalitaja shavu kwa mara ya kwanza.

Mteja alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hilo shavu ni la baba. Aligonga nguzo ya geti la nyumbani, mimi na dada tukiwa ndani. Usilinyooshe."

Swali la njia ipi likawa limejibiwa. Kwa kuwa bodi ilichapwa vipande vinne, kipande cha mbele kushoto kilikatwa na kuchapwa upya kutoka kwenye umbo la mwanzo ambalo, kwa bahati nzuri, mjenzi hakuwa amelifuta kwenye kompyuta. Mlango ulivuliwa bati lililotoboka na kuvishwa jipya kwenye fremu ileile. Ulipoangikwa safari hii ulifunga bila kubembelezwa. Gharama ya rezini na shaba ilibebwa na mteja. Kazi ya mkono mjenzi hakuidai.

## Vioo

Gari hili ni la toleo la baadaye, lenye vioo vya kusukuma ubavuni, si yale ya mwanzo yaliyokuwa na vioo vilivyoviringika. Vya ubavuni vilikatwa kwenye plastiki bapa. Cha nyuma kilifinyangwa kwa joto juu ya kalibu ya mbao, na kilitoka safi.

Tatizo lilikuja kwa sababu ya haraka. Baada ya kupoteza muda kwenye mlango, mjenzi alibandika vioo vyote, kisha akakumbuka kwamba kiti hakijafungwa vizuri. Akaingiza mkono kupitia mlangoni, akadondosha supaglu chini ya kiti, akafunga mlango ili kitu kisisogee, akaenda kulala. Asubuhi kioo cha nyuma kilikuwa na utando mweupe kwa ndani. Mvuke wa supaglu hukimbilia sehemu zilizo karibu na kugandia hapo, hasa pasipo na hewa inayopita, na chumba cha ndani cha Isetta kikifungwa hakina pa kupumulia.

Utando ulio nje unaweza kusuguliwa. Ndani ya mviringo, nyuma ya kiti, vidole havifiki. Kioo kilitolewa, kingine kikafinyangwa juu ya kalibu ileile na kubandikwa kwa gundi nyeupe ya maji inayokauka ikawa angavu.

## Rangi

Hapa palikuwa na ubishi ambao haujaisha. Mteja alileta rangi ileile iliyopigwa kwenye gari, kutoka kwenye kopo lililobaki kwa fundi wake. Mjenzi alitaka kuichanganya na nyeupe kidogo, kwa kuwa kitu kidogo kilichopakwa rangi ya gari kubwa huonekana cheusi zaidi: tunakitazama ndani ya nyumba, si juani. Mteja hakukubali. Rangi ya baba ni rangi ya baba. Ilipigwa kama ilivyo, tabaka nyembamba, na mjenzi akafanya alichoweza kwa kupunguza mng'ao wa tabaka la juu.

## Matokeo

Modeli ilifika kwa dada wiki chache baada ya siku ya kuzaliwa. Mlango unafunguka na usukani unaufuata. Shavu la kushoto ni bapa, na dada alilitambua kabla hajaambiwa, kwa kupitisha kidole. Rangi, kwenye sebule yenye taa za njano, ni nzito kuliko inavyotakiwa. Mchana karibu na dirisha ni sawa kabisa.

Na dada aliuliza: keria ya nyuma iko wapi? Enzi za baba yao gari lilikuwa na keria ya mizigo ya kromu mkiani, nyongeza iliyopendwa sana na wenye Isetta, maana ndani hamna pa kuweka sanduku. Ilitolewa wakati wa ukarabati na haikurudishwa. Mteja alikuwa ameisahau. Mjenzi aliitengeneza baadaye kwa waya wa shaba kutokana na picha ya familia, akaipaka nikeli na kuituma kwa posta.

## Uchambuzi

Kisa hiki kinasimuliwa mara nyingi kama kisa cha mlango. Mimi nakiona ni kisa cha swali ambalo halikuulizwa. Modeli ya Isetta 300 na modeli ya Isetta ya mtu fulani ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza jibu lake liko kwenye vitabu na michoro: ulinganifu ni haki, dosari zinafutwa. Ya pili jibu lake liko kwenye chuma kilichopo na vichwani mwa watu waliokipanda. Na kwa gari lililofufuliwa hata hiyo ya pili inagawanyika, kwa sababu kuna gari la siku ya kutoka kiwandani, gari la miaka ya familia, na gari la leo lenye rangi mpya. Mteja alisema "gari la baba", akampa mjenzi gari la leo la kupima, na mjenzi akajenga nusu ya gari la kiwandani. Keria ilikosekana kwa sababu hiyohiyo iliyolifanya shavu linyooshwe. Mjenzi anayechukua kazi ya aina hii angeuliza mapema, na kwa maandishi: gari lipi, la mwaka gani, na nani mwingine analikumbuka? Picha za albamu zingeombwa siku ya kwanza.

Kiufundi, hitilafu ilizaliwa kwenye vipimo. Kuiga nusu ya bodi si kosa. Wajenzi wazuri hufanya hivyo kila siku. Tatizo ni kuiga bodi na kuuacha mlango. Sehemu zinazogusana lazima zitoke kwenye chanzo kimoja cha vipimo, na ukikisahihisha chanzo hicho, usahihishe kila kilichozaliwa humo. Kadibodi ilikuwa sahihi na kompyuta ilikuwa sahihi. Hazikuwa zikizungumzia gari moja.

Kuhusu siku zilizopotea kwenye tupa, nadhani mjenzi aliponzwa na ustadi wake. Mtu mwenye mkono mzuri huamini kila tatizo litakwisha kwa mkono. Pengo lililo sawa upande mmoja na bovu upande mwingine, kwa kiasi kinachobadilika kufuata mviringo, halisababishwi na lehemu iliyoteleza. Limetoka kwenye umbo. Angelipima kabla ya kuligusa angeokoa lile bati.

Yaliyofaulu yanastahili kutajwa pia, na kubwa ni yale aliyokataa kufanya. Injini isiyoonekana na usukani usiogeuza magurudumu vilimwachia muda wa kurudia mlango. Lile jaribio la plaiwudi ni mfano mzuri: lilimgharimu mchana mmoja, likajibu swali ambalo kwenye modeli yenyewe lingejibiwa kwa kuvunja kitu. Kugawa bodi vipande vinne alikufanya kwa sababu ya udogo wa printa yake, lakini ndiko kulikofanya shavu liweze kubadilishwa bila kutupa bodi nzima. Na kutofuta umbo la mwanzo kwenye kompyuta kuliokoa safari nyingine ya kupima.

Supaglu haina mjadala mrefu: gundi yenye mvuke hutumika kabla ya vioo, na ikibidi itumike baadaye, mlango ubaki wazi na feni ndogo iwe inapuliza.

Kwenye rangi siko upande wa mjenzi moja kwa moja. Kitaalamu alikuwa sahihi, na kwa modeli ya maonyesho ningemuunga mkono. Lakini hii haikuwa modeli ya maonyesho, na mteja alikuwa amekwisha kusema gari analolitaka. Kilichokosekana ni vipande viwili vya plastiki vilivyopakwa, kimoja rangi ya kopo na kingine iliyopunguzwa, vikapelekwa kwake avitazame sebuleni usiku. Mjenzi anasema siku hizi hufanya hivyo kwa kila kazi, na mlango unaofunguka anautoza bei yake peke yake.